Lusaka tuliyoonyeshwa na watoto

Hotuba ya mzazi mwalikwa, siku ya wazazi katika shule moja ya sekondari jijini Mbeya

Mwalimu mkuu, wajumbe wa bodi ya shule, walimu, wazazi wenzangu, na ninyi wanafunzi mliokaa juani kule nyuma kwa sababu viti vya hemani tumevimaliza sisi: mugonile, kamwene, monile. Wazee wangu, shikamooni.

Barua ya mwaliko ilisema nizungumzie malezi ya watoto ugenini. Malezi yana wataalamu wake, nami si mmoja wao. Mimi ni mama wa watoto watatu na ninauza vitenge pale Mwanjelwa, wengi wenu hapa mnanidai chenji. Nilichonacho ni miaka yetu ya Lusaka, tangu katikati ya 2011 hadi mwishoni mwa 2013, mume wangu alipohamishiwa huko na kampuni ya malori aliyokuwa akiifanyia kazi. Nitaieleza hiyo, na nitaieleza kwa raha, maana hadi leo tukiwa mezani mtu akianza tu "mnakumbuka Chilenje", yaani mtaa tuliokaa, ugali unapoa.

Jambo moja niliseme mapema. Mji ule hatukuwaonyesha watoto sisi. Wao ndio waliotuonyesha, nasi tukawa tunawafuata nyuma na vikapu.

Watu wa Mbeya tuna tabia. Mtu akisema alikuwa nje ya nchi, tunamtazama viatu. Akiongeza kwamba hiyo nje yenyewe ni Zambia, tunarudi kunywa chai yetu. Kwetu nje ni ndege. Lakini Tunduma iko kama kilometa mia moja tu kutoka hapa, wakati Iringa ni zaidi ya mia tatu, na ukivuka Tunduma uko Nakonde, watu wananunua vitunguu upande huu na kuvila upande ule. Mbona ndugu zetu wa Iringa hatuwaiti majirani wa mbali?

Tulipanda treni ya TAZARA hapahapa Mbeya, vyombo tumevifunga kwenye mabeseni na viroba. Babu yao mzaa mama alikuja kutusindikiza stesheni. Mzee yule alikuwa kibarua reli ilipokuwa ikijengwa, kati ya 1970 na 1975, na pale kwenye jukwaa aliwashika wajukuu mikono akawaambia kwamba reli hii ina kilometa 1,860, inaanzia Dar es Salaam na kuishia Kapiri Mposhi, na kwamba wakiona mahali kokoto zimekaa vibaya wajue hiyo haikuwa zamu yake. Mwanangu wa kati alikaa dirishani akikagua kokoto mpaka giza lilipoingia.

Mpakani wakapanda watu wa uhamiaji, mihuri ikagongwa, na mume wangu akarudisha saa yake ya mkono nyuma kwa saa moja, kwa kuwa Zambia wako nyuma yetu kwa saa moja. Huyo wa kati akauliza ile saa tuliyopewa bure tutaifanyia nini. Baba yake akamwambia alale. Tukapita Kasama, Mpika, Serenje, tukashuka Kapiri Mposhi, kisha basi kupitia Kabwe mpaka Lusaka.

Tulipanga Chilenje, mtaa wa zamani upande wa kusini wa jiji, nyumba ndogondogo zenye miembe na mapapai uani. Hapo Chilenje ndipo ilipo nyumba namba 394, alimoishi Kenneth Kaunda na familia yake mwanzoni mwa miaka ya 1960, kabla Zambia haijapata uhuru tarehe 24 Oktoba 1964. Inatunzwa kama kumbukumbu ya taifa. Kila mgeni aliyetoka Mbeya kuja kututembelea, mwanangu wa kati alimpeleka huko hata kabla hajanawa uso. Alikuwa ameshajipa kazi ya kuongoza watalii. Hotuba yake ilikuwa moja: "Ona nyumba ilivyo ndogo. Sasa rais mzima alikuwa analala wapi?" Mjomba wangu alimjibu kwamba wakati huo hakuwa rais bado, kijana akasema ndiyo maana alitafuta urais.

Shule sitaisemea sana. Walianza kwa taabu, maana hapa walikuwa wanasoma kwa Kiswahili na kule darasa zima ni Kiingereza, wakalia, wakazoea. Mtaani ndiko walikojifunza haraka. Jioni watoto wa Chilenje walikuwa wanacheza chiyato, ambao ni mdako uleule wa kwetu: shimo, vijiwe, unarusha kimoja juu na kuzoa vingine kabla hakijashuka. Binti yangu mkubwa alikuwa bingwa wa mdako tangu Mbeya. Akachuchumaa pale siku ya kwanza bila kujua neno hata moja la Kinyanja, akawafunga wote, wakamchukia, kesho yake wakamfuata nyumbani. Hazikupita wiki nyingi nikaanza kusikia watoto wangu wakigombana usingizini kwa Kinyanja.

Mimi nilikuwa bado nanunulia mahitaji dukani kwenye bei zilizobandikwa, kwa sababu huko huhitaji mdomo. Ndipo binti akasema, mama, twende Soweto. Soko la Soweto la Lusaka ni kubwa, lina kila kitu, na kila mtu ana haraka kuliko wewe. Tukafika kwa mama mmoja anayeuza kapenta. Kapenta ni dagaa, na wale waliokuwa mbele yake walitoka Mpulungu, yaani Ziwa Tanganyika, ziwa ambalo na sisi tunalivua upande wetu. Alikuwa amewarundika kwenye gunia lililokunjwa mdomo, na juu yake kikombe cha plastiki cha kupimia, kimepasuka ukingoni na kushonwa kwa uzi wa kiroba.

Binti yangu, ambaye nyumbani akitumwa chumvi anaona haya, akauliza, "Ni zingati, amai?" Akatajiwa bei. Akasema, "Chepesani." Mama yule akacheka, akashusha kidogo, akapima kikombe, akamimina kwenye mfuko. Mtoto hakuufunga mfuko. Aliuacha wazi, ameushika kwa mikono miwili, anamtazama mwenye mali usoni. "Mbasela," akasema. Mbasela ni ile nyongeza ambayo kwa haki ya mnunuzi hulipii. Mama akaguna, akachota konzi moja, akatia. Mtoto bado hajafunga. Konzi ya pili. Ndipo akapiga magoti kidogo, akapiga makofi yale ya taratibu ya heshima, viganja vimekunjwa kidogo, tukaondoka. Mimi mzaliwa wa sokoni nilikuwa nimesimama pembeni nimeshika kikapu, sijasema kitu.

Tangu siku hiyo bajeti ya nyumba ile iliandikwa na mtoto wa darasa la nne.

Sasa niwaambie kuhusu jirani yetu. Alikuwa bibi mjane, Mbemba kutoka Kasama, anaishi ng'ambo ya ukuta mfupi tuliokuwa tunaanikia nguo. Mwanzoni tulisalimiana tu. Kisha siku moja kitindamimba wangu, ambaye hana siri, akamwambia kwamba baba yake ni Mngoni. Kweli mume wangu ni Mngoni wa Songea. Asubuhi yake, sote tuko kwenye chai, bibi yule akabisha hodi, akaingia, akakaa, akasema amekuja kumchukua mtumwa wake.

Watoto waliduwaa. Mume wangu aliweka kikombe chini, akamwangalia vizuri, akamuuliza kama leo ameshakula nyani au bado. Bibi akapiga paja: "Bora nyani kuliko panya!" Wakashikana mikono na kicheko ambacho nadhani kilisikika hadi mtaa wa pili, Kabwata.

Ninyi wanafunzi wa historia mnalijua hili, lakini wazazi wengine wamesahau. Wangoni walivuka mto Zambezi mwaka 1835 chini ya Zwangendaba, wakapanda kaskazini hadi Ufipa, huko akafia. Alipokufa wakagawanyika. Wengine wakashukia Songea, wengine chini ya Mpezeni wakaishia mashariki ya Zambia ya leo, kule Chipata, nao wakapigana sana na Wabemba. Vita vile vimebaki utani. Mbemba na Mngoni wakikutana Lusaka, kwenye basi, benki, hata hospitalini, lazima mmoja awe mtumwa wa mwenzake, lazima itajwe nyama ya nyani na ya panya. Sasa mume wangu hakuwa Mngoni wa Chipata, alikuwa wa Songea, lakini bibi alisema mtumwa aliyetoroka mbali zaidi ndiye anayedaiwa zaidi.

Utani ule ulitufaa siku ngumu. Mama mkwe wangu alifariki Songea tukiwa huko. Mume wangu akasafiri, mimi nikabaki na watoto kwa sababu ya mitihani yao. Jioni ile nyumba ilikuwa kimya, watoto wamekaa kwenye mkeka, hawali. Bibi akaingia bila hodi. Akaenda moja kwa moja kwenye msumari nyuma ya mlango, akatoa koti la mume wangu, akalivaa, mikono ikamning'inia hadi magotini. Akakaa kwenye kiti chake. Akakohoa kama anavyokohoa yeye. "Leo mimi ndiye Mngoni wa nyumba hii," akasema. "Panya wangu wako wapi?" Kitindamimba alikuwa wa kwanza kucheka, halafu akalia, halafu wakala. Alikuja hivyo kila jioni mpaka mume wangu aliporudi, na siku aliporudi akamdai nauli ya kumwakilisha.

Chakula nacho. Tulikula ifisashi, yaani mboga za majani zilizoungwa kwa karanga za kutwanga, tulikula kalembula, ambayo ni matembele, tulikunywa munkoyo, kinywaji chao cha mahindi. Vinkubala, wale viwavi wa kukaanga, watoto walikula, mimi nilishindwa na sitaki kushauriwa. Lakini chikanda ndiyo hadithi yenyewe.

Bibi aliipika Jumamosi uani kwake, juu ya mbaula, lile jiko lao la mkaa. Alikuwa na unga wa kahawia wa viazi vidogo vya porini vilivyokaushwa na kutwangwa. Karanga alizitwanga mwenyewe hadi zikatoa mafuta. Maji yakachemka, karanga zikaingia, chumvi, pilipili ya kuwasha, soda kidogo, kisha ule unga, huku anakoroga kwa nguvu kama ugali wa msiba. Uliposhikana akafunika sufuria, akapanga makaa ya moto juu ya mfuniko ili uive juu na chini. Ulipopoa akaukata vipande kwa kisu. Ukila bila kuambiwa, utaapa ni nyama. Watoto waligombania ukoko.

Nikamuuliza viazi vyenyewe anavitoa wapi. Soweto, akasema. Wiki iliyofuata binti akanipeleka kwa wanaoviuza, na huyo binti ndiye aliyeuliza vinatoka mkoa gani wa Zambia. Muuzaji akamtazama: "Vya kwetu vimeshakuwa haba. Hivi vinatoka Tanzania."

Ni vya kwetu, ndugu zangu. Vile viazi ni vya maua ya okidi, yale yanayochanua wakati wa mvua juu kabisa huko Makete na Rungwe. Vilikuwa vikichimbwa, vinajazwa magunia, vinavuka Tunduma. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 watafiti walikadiria kwamba viazi vinavyovushwa kwa mwaka vinafika mamilioni, na kila kiazi ni mmea mmoja uliong'olewa. Ni mojawapo ya sababu zilizofanya Kitulo, ile tunayoiita Bustani ya Mungu, itangazwe kuwa hifadhi ya taifa mwaka 2005. Sisi tumezaliwa chini ya mlima ule, na chakula chake tulikwenda kukionjea Lusaka.

Binti aliposikia vinavyopatikana, akaacha kuila chikanda, hajaila tena hadi leo. Mimi nikiipata naila. Tunabishana juu ya hilo kila akija likizo, na hakuna anayeshinda.

Nije kwenye Februari 2012. Wanaume walikuwa wanaanza kusinzia, naona sasa wamekaa vizuri.

Zambia ilifika fainali ya Kombe la Mataifa ya Afrika, mjini Libreville, Gabon, dhidi ya Ivory Coast ya akina Drogba. Kwa mtu wa nje ni fainali tu. Kwa Wazambia Libreville ni jeraha. Tarehe 27 Aprili 1993 ndege iliyobeba timu yao ya taifa ilianguka baharini karibu na mji huo, watu wote 30 wakafa, 18 kati yao wachezaji. Makaburi yao yako Lusaka, karibu na uwanja wa Independence; mwalimu wa darasa la mwanangu wa kati aliwapeleka, kijana akarudi kimya na majina kwenye daftari. Kwa hiyo wakati wachezaji wa 2012 walipokwenda ufukweni kuweka maua kabla ya fainali, ni kijana huyo aliyetueleza kwa nini bibi wa jirani analia mbele ya televisheni.

Tulitazama uani kwake, Jumapili usiku tarehe 12. Televisheni imewekwa juu ya ndoo, waya umepita dirishani, mtaa mzima uko pale. Drogba akapewa penalti, akapaisha. Uani pakanyanyuka vumbi. Dakika tisini hakuna bao, dakika za nyongeza hakuna bao, saa tano usiku imeshapita, zikaja penalti. Wachezaji wa Zambia walikuwa wamepiga magoti katikati ya uwanja wanaimba, na uani kwetu watu wakaimba nao. Hata kipa, Mweene, alipiga yake akafunga. Kolo Touré akakosa, tukashangilia, Kalaba naye akakosa, bibi akaingia ndani akajifungia. Gervinho akapaisha. Stoppila Sunzu akaenda kwenye mpira, akafunga. Nane kwa saba.

Sikumbuki nani alinibeba. Nakumbuka kitindamimba akigonga mlango wa bibi kwa ngumi zote mbili akipiga kelele, "Tumeshinda! Tumeshinda!" Mume wangu akanigeukia: "Umemsikia? Tumeshinda, anasema." Kesho yake timu ilipotua, barabara ya kutoka uwanja wa ndege hadi viwanja vya maonyesho ilijaa watu, nasi tukiwamo, watoto wote watatu wamevaa jezi za kijani za salaula, ambayo ni mitumba yao.

Kuna wazazi watasema mtoto akikaa nje atasahau kwao. Mimi nilimwona wangu akipata kwao kwa pili, na kule kwa kwanza hakukupungua. Lakini hiyo ni rai yangu, mwalimu wa uraia atanisahihisha.

La pesa niliseme kwa ufupi, nalo linachekesha. Tarehe 1 Januari 2013 Zambia ilifuta sifuri tatu kwenye kwacha. Elfu hamsini ikawa hamsini. Sarafu za ngwee zikarudi. Kwa miezi sita, hadi mwisho wa Juni, noti za zamani na mpya zilitumika pamoja, na mimi wakati huo nilikuwa nimeanza kimeza changu cha vitenge. Bibi vizee wa sokoni waliendelea kutaja bei kwa maelfu, vijana wakataja kwa mpya, na mtu mmoja anakulipa nusu hivi nusu vile. Kitindamimba alichora jedwali kwenye boksi la sabuni, akalisimamisha mezani, akawa anawasomesha wateja. Baadhi walinunua kitenge kwa sababu tu walikuwa wameshakaa darasani sana, wakaona haya kuondoka.

Tulirudi mwishoni mwa mwaka ule. Kitindamimba alilia kuanzia Chilenje mpaka Kabwe. Kwa bibi yao Tukuyu walipofika wakapiga magoti na yale makofi ya taratibu. Bibi yao akafurahi kupita kiasi, akataka na watoto wa shangazi zao wafundishwe.

Bibi wa Chilenje yupo, ana simu ya kisasa, na anatuma sauti kila juma kumuulizia mtumwa. Mnakumbuka tarehe 21 Januari 2024, Kombe la Mataifa ya Afrika, San Pedro kule Ivory Coast, Taifa Stars na Zambia. Msuva alipofunga dakika ya 11, mume wangu alimtumia bibi picha ya panya. Kimya. Zambia wakapewa kadi nyekundu kabla ya mapumziko, akamtumia ya pili. Kimya. Kitindamimba, kijana mkubwa sasa, amekaa kochini na jezi ya Stars, lakini nilimwona amevaa na ile skafu ya kijani, kasema ni baridi. Dakika ya 88 Patson Daka akasawazisha kwa kichwa.

Simu ikalia hata kabla mpira haujarudishwa katikati. Mume wangu alikataa kuipokea. Kitindamimba akaipokea yeye, akaweka spika, nasi tukakaa kitako kusikiliza tunavyotukanwa mpaka salio la bibi likaisha.

Ahsanteni sana kwa kunisikiliza.